NILIFUTA JINA LA MSHKAJI WANGU KWA RABA: YALIYONIKUTA KWENYE KAMPUNI YA UJENZI LAMADI

Leo sina umbea wa staa yeyote, leo naanika ya kwangu, na yananiuma.

Nilipomaliza kidato cha nne nilirudi nyumbani Lamadi kukaa tu. Kwa wasiopajua, ni pale njia panda: ukitoka Mwanza kwenda Musoma ndipo unapokata kulia kwenda Bariadi. Vijana tunashinda barabarani tukisubiri mabasi tuuze maji na karanga. Sasa kampuni moja ya ujenzi (jina kapuni) ilipotaka vibarua, tulijazana getini hata jogoo hajawika.

Elfu kumi kwa siku, nilijiona bosi! Wenzangu wakapelekwa kwenye zege na nondo, mimi mwandiko ukaniokoa. Nyapara akanipa daftari la mahudhurio na penseli. Nikauliza, mbona siyo peni? Akacheka. "We andika, dogo."

Kero zilikuwa nyingi. Vumbi la saruji bila barakoa, buti ujinunulie au upige kazi na kandambili. Tunaingia saa 12 asubuhi, tunatoka giza limeingia, nyongeza hakuna, wakati sheria ya ajira ya 2004 inasema mwisho saa 45 kwa wiki, zikizidi ulipwe mara moja na nusu. Malipo Jumamosi, ila Jumamosi nyingine unaambiwa bosi yuko Mwanza. Hayo tulizoea.

Siku moja mashine ya kuchanganyia zege ikamkata mshkaji wangu vidole viwili. Huyu tulikaa dawati moja shule, na mama akisafiri nilikuwa nakula kwao. Wakamkimbiza hospitali kwa bodaboda. Jioni nyapara akaniwekea raba juu ya daftari. "Huyu leo hakuja kazini."

Jamani, nilifuta. Niliogopa kuikosa ile elfu kumi.

Wiki iliyofuata mama yake akaja getini kuulizia hela ya matibabu. Akaambiwa kijana wake hayumo kwenye daftari. Nilikuwa nimesimama pale pale, daftari kwapani. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, "Marahaba mwanangu," akaondoka.

Miezi miwili mbele kazi ikaisha, na mimi nikatoka mikono mitupu. Sina mkataba, sina NSSF, hata barua ya kusema niliwahi kufanya kazi pale sina. Kumbe na jina langu lilikuwa la penseli.

Baadaye ndio nikajua kibarua naye ana haki. Mwajiri anatakiwa akupe masharti ya kazi kwa maandishi, na asipokuwa nayo kesi ikitokea, mzigo wa kuthibitisha masharti hayo unamwangukia yeye. Ukiumia kazini kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na taarifa inatakiwa ifike ndani ya miezi 12. Sisi tulikaa kimya mpaka muda ukapita. Kwa hiyo dogo unayeingia saiti kesho, lipige picha daftari lenye jina lako kila siku. Simu unayo.

Mshkaji wangu sasa anauza vocha stendi. Tunasalimiana vizuri tu. Hajawahi kuniuliza, na mimi sijawahi kumwambia. Najua huwa anapita humu kusoma.

Ndugu yangu, ni mimi niliyefuta. Nisamehe. Kesho nakuja hapo stendi.