Sur kwa Mtu wa Pwani

Orodha ya mambo ya kufanya Sur ni fupi, na wakaazi wengi wa Maskati wanaijua kwa moyo: kuoga Hawiyat Najm, kupanda Wadi Shab, kutazama majahazi, kisha kwenda Ras al-Jinz kuwangojea kasa. Siku mbili zinatosha. Njia ni ya takriban kilomita 200, mlima mkono wa kulia na bahari mkono wa kushoto, na dereva mwenye haraka hufika kabla chai ya kwenye chupa haijapoa.

Orodha hiyo si mbaya. Kasoro yake ni kwamba imepangwa kwa ajili ya mtu asiyekuwa na habari yoyote na Sur kabla ya kufika. Msemaji wa Kiswahili hayumo katika hali hiyo, hata kama amezaliwa Maskati au Birmingham na Unguja anaijua kwa picha. Kwa karne nyingi vyombo vya Sur vilikuwa vikishuka na kaskazi, vikitia nanga Lamu, Mombasa na Unguja, na kupanda tena na kusi. Vilileta tende, chumvi na papa mkavu. Vilirudi na boriti za mikoko na nazi. Boriti zilizokatwa Lamu na delta ya Rufiji ndizo zilizobeba dari za nyumba za Ghuba, na upana wa chumba ukafuata urefu wa mti. Anayefika Sur na habari hizi hana budi kuipanga orodha upya.

Hawiyat Najm ipitiwe tu. Ni shimo kubwa la mawe ya chokaa lenye maji ya rangi ya feruzi, nusu ya chumvi nusu baridi. Jina lake lasema kwamba nyota ilianguka hapo; wajuzi wa miamba wasema chokaa iliyeyuka chini kwa chini hata sakafu ikaporomoka. Watoto huchagua nyota, na hakuna sababu ya kuwabishia ndani ya maji. Wadi Shab inadai zaidi: kuvushwa kwa mashua chini ya daraja la barabara kuu, mwendo wa kama dakika arubaini na tano juu ya mawe, halafu kuogelea kutoka dimbwi hadi dimbwi mpaka kwenye ufa mwembamba, kichwa kikiwa kati ya mwamba na maji, na ndani yake pango lenye maporomoko. Asiyejua kuogelea abaki kwenye mitende. Palipo kivuli na maji ya kutiririka, na mtu ametoka Maskati, kukaa tu ni starehe ya kutosha.

Mahali ambapo mtu wa Pwani apunguze mwendo ni Qalhat, kilomita ishirini na kitu kabla ya Sur. Waendao kwa ajili ya picha huona jengo moja dogo lililopasuka, kuba lake limeanguka, na huondoka. Jengo hilo lajulikana kwa jina la Bibi Maryam. Mji uliolizunguka ulikuwa bandari ya pili ya ufalme wa Hormuz, ukavunjwa na Wareno wa Albuquerque mwaka 1508, na tangu 2018 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Lakini kabla ya hayo yote alipita hapo Ibn Battuta, na ni vizuri kukumbuka alikotoka: alikuwa amekwisha kufika Mogadishu, Mombasa na Kilwa, na kutoka Kilwa akavuka hadi Dhofar. Basi aliingia Sur akiwa msafiri aliyetoka kwetu.

Kisa chake cha Sur chachekesha na kuuma kwa pamoja. Chombo kilitia nanga; akaiona Qalhat kwa mbali, ikaonekana karibu; akaamua kwenda kwa miguu, na mmoja wa mabaharia akawa kiongozi wake. Kiongozi alikuwa na nia na nguo za mgeni. Safari iliyodhaniwa ya saa chache iligeuka kuwa siku na usiku wa kiu na hofu, na alipoingia mjini miguu ilikuwa imevimba ndani ya viatu hata damu ikakaribia kutoka chini ya kucha. Gavana akamkirimu siku kadhaa. Hapo ndipo alipokula samaki aliowasifu kupita nyama zote, waliochomwa juu ya majani na kuandaliwa kwa wali. Na alipoutaja msikiti uliojengwa na Bibi Maryam, aliona haja ya kuwafafanulia wasomaji wake maana ya neno “bibi”, kwamba kwa lugha ya watu wa huko ni mwanamke muungwana. Msomaji wa Kiswahili ni katika wachache wanaoweza kuuruka ufafanuzi huo. Neno limekwenda njia zake, kutoka Uajemi na India, likatua nyumbani mwake, na hapo juu ya mwamba wa Qalhat analikuta limemtangulia.

Sur yenyewe imekaa pembeni mwa hori. Wenyeji husema khor, nalo ni neno lile lile. Upande mmoja ni soko na nyumba, upande wa pili ni Ayjah, yenye nyumba nyeupe na mnara wa taa, na kati yake daraja la kuning’inia. Karakana ya majahazi ipo kando ya hori, na ingawa kazi imepungua sana, mbao, vumbi na sauti ya tezo bado vipo. Afaa kuona namna mafundi wanavyojenga: hawana mchoro. Mkuku hulazwa, mbao za ubavu huanza kupanda, na mataruma huingia baadaye kuzifuata mbao, kinyume cha mafundi wa Ulaya waliotanguliza mifupa kabla ya ngozi. Mbao ni misaji iliyoletwa kutoka ng’ambo, kwani Sur haina msitu. Mji uliokuwa mashuhuri kwa vyombo haukuwa na mti wa kuvijenga.

Mwaka 1980 palijengwa hapo chombo cha kushonwa, bila ya msumari, kwa ajili ya safari ya Tim Severin ya kumfuata Sindbad. Chombo hicho, Sohar, kilifika China mwaka 1981 na sasa kimesimama kwenye mzunguko wa barabara huko Maskati, karibu na al-Bustan, watu wakikizunguka kwa magari. Mwenye asili ya Lamu akikitazama atakumbuka mtepe, uliokuwa ukishonwa kwa kamba za usumba na kusafiri kwa tanga la mkeka. Si haki kwamba Sindbad anajulikana na kila mtoto, na mtepe haujulikani hata na wajukuu wa walioushona.

Kando ya hori umewekwa pia Fatah al-Khair, ghanja iliyojengwa Sur, ikauzwa Yemen, ikarudishwa mwaka 1993 kwa michango ya watu. Ni chombo kizuri, tezi yake imechongwa kwa subira. Mzazi aliyewaleta watoto husimama hapo, akawaeleza mlingoti, foromali na tanga, na huja dakika ambapo mmoja wao huuliza chombo kama hiki kilipakia nini. Tende ni jibu la kweli. Si jibu zima.

Katika karne ya 19, kila msimu wa kaskazi, mabalozi wa Uingereza huko Unguja waliandika malalamiko juu ya mabaharia wa kaskazini, Wasuri wakiwa miongoni mwao, walioiba watoto mjini na kuwapakia. Mkataba wa 1873 ulipofunga soko la watumwa la Unguja, biashara haikufa, ilijificha. Manahodha wengi wa Sur walikuwa na hati na bendera za Ufaransa, zilizowakinga wasipekuliwe na manowari za Waingereza, hata ugomvi wa bendera hizo ukafika mbele ya Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi, The Hague, iliyotoa uamuzi wake Agosti 1905. Mataifa mawili ya Ulaya yalishindana juu ya kitambaa kilicho mlingotini; waliokuwa ngamani hawakuwa na wakili.

Jambo hili ni zito zaidi kwa familia za Kiswahili za Oman kuliko kwa mtalii wa Kijerumani, maana ndani ya nyumba moja hupatikana mjukuu wa nahodha na mjukuu wa aliyepakiwa, pengine ndani ya mtu mmoja. Kwa sababu hiyo wengi hunyamaza. Wanyamazao wana heshima yao, lakini mtoto aliyeuliza mbele ya Fatah al-Khair amechagua mahali pazuri pa kuuliza, na itakuwa hasara kumpeleka kwenye aiskrimu. Kama majibu ni magumu kwa mzazi, Sur ina majibu mengine ambayo hayasemwi. Mtafiti Majid Al-Harthy aliandika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Indiana juu ya miziki ya Kiafrika na Kiomani ya mji huu. Katika lewa mna zumari, mna ngoma ya kusimama ambayo jina lake ni msondo hasa, na mna maneno ya Kiswahili ambayo baadhi ya waimbaji hawawezi tena kuyafasiri. Ikitokea harusi yenye lewa, mgeni afute kila kilichobaki katika orodha yake.

Baada ya hapo Ras al-Jinz huja kama pumziko. Hifadhi iliwekwa mwaka 1996, na watu huongozwa kwa makundi, usiku au alfajiri. Kasa wanaopanda hapo ni wale ambao wavuvi wetu huwaita kasa uziwa. Jike huchimba kwa mapezi ya nyuma, polepole, akipumua kwa sauti kama ya mzee anayepanda ngazi. Huweka mayai kama mia moja, huyafukia, na hugeuka kuelekea baharini akiacha mchangani alama pana kama ya tairi la trekta. Mwenye asili ya Pemba anaweza kukumbuka Machi 2024, kisiwani Panza, ambako nyama ya kasa iliua watu tisa, wanane kati yao watoto, na habari ile ikasomwa mpaka Maskati kwenye simu za jamaa.

Ziara ya alfajiri ni bora kuliko ya usiku, ingawa kuamka ni tabu. Kunapopambazuka huonekana na wale waliochelewa, wakijikokota mchangani kwa hatua tatu, wakipumzika, kisha hatua tatu tena, na mbweha wakinusa mashimo nyuma yao. Kiongozi huwataka watu wakae kimya mpaka wimbi la kwanza limguse. Kisha hunyanyua kichwa mara moja, na maji humchukua.