Mtu wa Kiti cha Nyuma

Hapa Mayoni mvua imenyesha tangu saa nane na stima imepotea, kwa hiyo naandika kwa simu yenye chaji kidogo. Nikikatiza ghafla, usidhani nimekasirika. Kuna jambo ambalo nimelibeba kwa wiki tatu, na nimeona nikwambie leo, kabla sijasimama mbele Jumapili. Nikilisema kule madhabahuni utadhani namzungumzia mtu mwingine.

Unaijua ile meza ya vijana nyuma ya kanisa. Fundi aliiunga kwa mbao za jukwaa letu la zamani, mguu mmoja umelegea, na wavu wake ni kipande cha neti ya mbu. Hapo ndipo wanapocheza mpira wa meza baada ya mazoezi ya kwaya. Jumamosi moja niliwakuta wakibishana kwa nini Wachina hawashindiki katika mchezo huo. Kijana mmoja akanionyesha picha ya zamani kwenye simu yake: wanaume wawili, Mchina na Mmarekani mwenye nywele ndefu, na kitambaa chenye picha ya milima. "Pasta, unawajua hawa?" Sikuwajua. Nikaenda nyumbani nikasoma mpaka Mama Mchungaji akanizimia taa.

Mchina yule anaitwa Zhuang Zedong. Alizaliwa mwaka 1940. Alishika raketi kama mtu anavyoshika kalamu, akashambulia haraka pande zote mbili, kulia na kushoto, na ukimpa mpira mlegevu umekwisha. Mwaka 1961 mashindano ya dunia yalifanyika Beijing. Wakati huo China ilikuwa imepitia njaa iliyoua watu kwa mamilioni, na ndani ya nchi ya namna hiyo kijana wa miaka ishirini akawa bingwa wa dunia. Mwaka 1963 kule Prague akashinda tena. Mwaka 1965 kule Ljubljana akashinda tena. Mara tatu mfululizo, mpendwa. Mtoto wa shule China nzima alimjua.

Kisha yakaja Mapinduzi ya Utamaduni. Kuanzia mwaka 1966 waliokuwa mashujaa waligeuzwa maadui kwa usiku mmoja. Timu ya China haikuonekana kwenye mashindano ya dunia ya 1967, wala ya 1969. Na mwaka 1968 watu watatu wakubwa wa mchezo huo, Fu Qifang, Jiang Yongning na Rong Guotuan, walijiua baada ya kuteswa na kuitwa wapelelezi kwa sababu tu walitokea Hong Kong. Rong ndiye aliyekuwa Mchina wa kwanza kabisa kuwa bingwa wa dunia, mwaka 1959. Zhuang naye alipata mateso yake, lakini alibaki hai. Weka hayo moyoni, nitayarudia.

Mwaka 1971 China ikarudi kwenye mashindano, kule Nagoya, Japani. Marekani na China zilikuwa hazina uhusiano tangu 1949. Zilikuwa zimepigana Korea, na vita vya Vietnam vilikuwa vinaendelea. Wachezaji wa China walionywa: usimwanze Mmarekani kwa mazungumzo. Baada ya kuona kilichowapata wenzao nyumbani, nani angethubutu?

Siku moja ya Aprili kijana Mmarekani, Glenn Cowan, alichelewa mazoezini na basi la timu yake likamwacha. Akapanda la Wachina. Basi zima likanyamaza. Zhuang alikuwa amekaa nyuma kabisa. Safari ilikuwa ya robo saa hivi, na yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba karibu dakika kumi kati ya hizo alikaa tu akijiuliza aende au asiende. Wenzake hawakutaka aende. Mwishowe akasimama, akatafuta ndani ya mkoba wake, akatoa kitambaa cha hariri kilichofumwa picha ya milima ya Huangshan, akaenda mbele na mkalimani, akampa yule kijana mkono na zawadi. Akamwambia, kwa maana, kwamba serikali zao zina ugomvi lakini watu wa Marekani ni marafiki wa Wachina. Basi liliposimama, waandishi wa habari walikuwa wanangoja na kamera.

Sasa niache nikupeleke kwenye gari jingine. Hili si la Nagoya. Ni matatu ya kutoka Mumias kuja hapa kwetu.

Ilikuwa siku ya soko, mvua kama hii ya leo. Nilikaa dirishani nimebeba mfuko wa mbegu za mahindi. Makanga akajaza gari kama kawaida yao, kisha akamvuta abiria mmoja wa mwisho na kumkalisha kando yangu, goti kwa goti. Alikuwa kaka yangu mkubwa. Yule unayemjua. Yule ambaye ukiulizia habari zake huwa nakwambia, "Tunamwombea."

Miaka saba hatujasemezana. Boma letu ni moja, mashamba yetu yanapakana, moshi wa jikoni kwake naupata nikiwa nanawa uso, na miaka saba hatujasalimiana. Chanzo ni mistari minne ya miwa. Minne tu! Baba alipogawa shamba alipanda mkonge mpakani. Baada ya mazishi yake trekta ikaja kulima, ikaung'oa, na mimi nikaupanda upya wakati kaka hayupo nyumbani. Aliporudi akasema nimeingia kwake. Nikasema sijaingia. Wazee wakaitwa, maneno yakasemwa ambayo siwezi kuyaandika hapa, na tangu siku hiyo kila mtu ana mlango wake.

Kwenye matatu ile sikufungua mdomo. Niliangalia maji yakiteremka kwenye kioo. Yeye aliangalia mgongo wa kiti cha mbele. Nilimsikia akikohoa, kikohozi kile kile cha baba, na nikajua kuwa hana afya nzuri. Nilikuwa na muda wa kutosha kabisa. Tulipofika steji ya Mayoni akashuka, nikashuka, akaenda zake. Nikasimama chini ya kibanda cha M-Pesa nikijifanya nangoja mvua ipungue. Siku tatu baadaye ndipo yule kijana aliponionyesha ile picha.

Unaona kwa nini sikulala.

Nimalizie habari za Zhuang kwanza, maana wengi wakiisimulia huishia pale kwenye basi. Mao Zedong alikuwa ameshakubali kwamba timu ya Marekani isialikwe China. Usiku, alipojua ya Nagoya, akabadili nia. Tarehe 10 Aprili 1971 Wamarekani wale wa mpira wa meza wakavuka daraja kutoka Hong Kong kwa miguu, wakaingia nchi ambayo ilikuwa imefungwa kwao kwa zaidi ya miaka ishirini. Oktoba mwaka huo Umoja wa Mataifa ukaipa Beijing kiti chake. Tanzania, kupitia balozi wake Salim Ahmed Salim, ilikuwa mstari wa mbele, na Kenya yetu pia ilipiga kura ya ndiyo. Februari 1972 Rais Nixon akatua Beijing. Sisemi kitambaa cha hariri ndicho kilicholeta yote hayo. Wakubwa walikuwa tayari wanatafutana kwa siri. Lakini wote wawili walihitaji mtu wa kusimama kwanza hadharani, na aliyesimama alikuwa mcheza mpira.

Hapo ndipo mahubiri mengi yangekatia, na mimi pia ningepata amina zenu. Lakini nilisoma mbele.

Zhuang akapanda cheo. Jiang Qing, mke wa Mao, akampenda, na kufikia mwaka 1974 alikuwa ndiye mkuu wa michezo wa China nzima. Na akiwa pale juu, mtu yule yule aliyempa mkono mgeni asiyemjua, aliwashambulia watu wa nyumbani mwake. Wenzake wa zamani, wanamichezo na viongozi aliokula nao chungu kimoja, waliitwa mikutanoni wakalaumiwa na kudhalilishwa, na yeye akiwa upande wa wenye fimbo. Yeye aliyeona watatu wanakufa mwaka 1968!

Nililisoma hilo mara mbili nikiwa nimekaa kitandani. Mmarekani alikuwa rahisi kwake. Mmarekani hakuwa na historia naye. Hakuwahi kumshinda utotoni, hakuwahi kumsengenya kwa kocha, hawakuwahi kugawana chochote. Unampa hariri, mnapigwa picha, kila mtu anarudi hotelini. Wa nyumbani ndiye kazi. Nami nikajiona, mpendwa. Mgeni akija kanisani kwetu kutoka Bungoma au Busia namkumbatia mlangoni, nampa kiti cha mbele, nampeleka kula kwangu. Nimekumbatia watu ambao hata majina yao sijui, na ng'ambo ya mkonge kuna mtu aliyenifundisha kuendesha baiskeli.

Mao alikufa Septemba 1976. Mwezi uliofuata Jiang Qing akakamatwa na Zhuang akaanguka naye. Alizuiliwa akihojiwa kwa karibu miaka minne. Kisha akapelekwa Taiyuan, mbali na Beijing, kufundisha mpira wa meza. Ndoa yake ya kwanza ikavunjika. Baadaye aliruhusiwa kurudi Beijing, akafundisha watoto, akaoa mwanamke Mjapani, na hata ndoa hiyo ilibidi Deng Xiaoping mwenyewe aikubali. Uzeeni alikiri kwamba alifanya mambo ya kuwaumiza wengine na kwamba anayajutia. Cowan alikufa mwaka 2004. Zhuang alikufa Februari 2013 kwa saratani, akiwa na miaka 72. Sijui ni wangapi kati ya wenzake aliowahi kuwaendea mmoja mmoja, mlangoni kwao. Hilo ndilo ningemuuliza kama ningekutana naye. Habari za Nagoya ningeziacha.

Unalijua lile fundisho la Bwana juu ya mtu aliyeleta sadaka huku ndugu yake ana neno naye. Nimelihubiri si chini ya mara kumi. Umeandika hata kwenye daftari lako, nimekuona. Nilipolihubiri, mkonge ulikuwa unaota.

Basi sikiliza sasa lile nililoogopa kuandika. Ule mkonge niliupanda kwa kukisia, na nilikisia kuelekea upande wangu wa faida. Nilijua tangu siku ya kwanza. Sikuwahi kumwambia mtu, hata Mama Mchungaji, mpaka wiki iliyopita. Alininyamazia muda mrefu, kisha akasema, "Na kuku ni yupi?"

Alimaanisha huendi kwa kaka yako mkubwa mikono mitupu. Nikamshika jogoo yule mwekundu, yule mnayemsikia akiwika katikati ya maombi ya asubuhi. Kutoka mlangoni kwangu mpaka kwake ni hatua mia mbili hivi. Nilisimama njiani mara mbili. Mara ya pili nilijifanya nafunga viatu, na nilikuwa nimevaa kandambili.

Shemeji ndiye aliyenipokea. Alimchukua kuku bila kuuliza, akaniwekea kiti. Kaka alikuwa ameketi karibu na redio na blanketi mabegani. Akaniambia, "Pasta." Hajawahi kuniita hivyo maishani mwangu, na haikuwa heshima. Nikamwambia nimekuja juu ya mkonge. Nikamwambia niliupanda mahali pasipo pake na nilijua. Yote niliyokuwa nimepanga kusema kabla ya hapo, ya baba, ya damu moja, ya Mungu wetu, yalinitoka kichwani.

Alizima redio. Akakaa kimya, nikahesabu ule ukimya kama ule wa matatu. Kisha akasema, "Umechukua miaka saba kutembea kutoka pale." Hakusema amenisamehe, na usimwambie mtu kwamba alisema. Akakohoa. Akaniuliza kama nyumba yangu inavuja kama yake, nikasema inavuja upande wa jikoni. Akasema mabati ya siku hizi ni karatasi. Tukaongea mabati kwa nusu saa nzima.

Nilipoinuka kuondoka nikasema naweza kuung'oa ule mkonge kesho asubuhi. Akakataa. Akasema usiguswe na mtu mmoja tena, ngoja mzee wa mtaa awepo, na watoto wetu wote wakubwa waone kwa macho.

Kwa hiyo ni Alhamisi, saa tatu asubuhi, na kamba na jembe. Miwa ile minne ya mistari tutaikata mwaka huu iingie hesabu yake. Ukiwa unapita na boda boda kuelekea sokoni, simama utusalimie wote wawili. Na yule jogoo, shemeji ameniambia jana kwenye simu, bado hajachinjwa. Anawika upande ule sasa.