Lamu, Mji Unaomheshimu Punda

Mwite mtu punda Nairobi, Dar es Salaam au Bujumbura, uone kama mtaachana salama. Neno hili limebebeshwa mizigo mingi kuliko mnyama mwenyewe. Mwanafunzi aliyeshindwa hesabu ni punda. Mfanyakazi anayetumwa huku na huku bila kuongezwa mshahara ni punda, na Wakenya wakilemewa na maisha husema punda amechoka. Magazetini, punda ni kijana aliyenaswa uwanja wa ndege akiwa na kete za dawa za kulevya tumboni. Methali nazo hazikumhurumia: shukrani yake mateke, fadhila yake mashuzi, na afe mradi mzigo ufike.

Kuna mji mmoja wa Waswahili ambako matusi hayo yote hayana makali. Huko husemwa kwamba asiye na punda, yeye mwenyewe ndiye punda. Mji huo ni Lamu, na nakushauri uende ukauone.

Ukitokea Mombasa kwa basi utapita Malindi, Garsen na Witu, hadi Mokowe, ambako bara inaishia. Ukija kwa ndege utashukia kisiwa cha Manda, ng'ambo tu ya mkondo. Kwa njia zote mbili safari humalizikia kwenye boti, kisha kwenye ngazi za gati, na hapo ngazini ndipo wanapokupokea punda. Wanasimama kando ya bahari, shogi za kubebea mizigo zimening'inia mbavuni, wakingoja saruji, magunia ya mchele, kreti za soda na masanduku ya wageni. Hakuna mnyama anayeufahamu uchumi wa mji kama punda, maana kila kinacholiwa na kila kinachojengwa Lamu kimewahi kupita mgongoni mwake au mgongoni mwa babu yake.

Mwaka 2001 UNESCO iliuingiza mji mkongwe wa Lamu katika orodha ya urithi wa dunia, kwa kuwa ni makazi ya Waswahili ya zamani zaidi na yaliyohifadhika vizuri kuliko yote Afrika Mashariki. Sifa hiyo huandikwa kila mahali, nami sina ugomvi nayo, ila naona wanaosifu mawe humsahau aliyeyabeba. Nyumba za Lamu ni za matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Jiwe la kuta nene haliji lenyewe. Linatoka pwani, linapakiwa kwenye shogi, linapanda njia za mtaa wa Mkomani zenye upana wa mikono miwili iliyonyooshwa, linakata kona, linapita chini ya wikio, kile chumba kilichojengwa juu ya njia kuunganisha nyumba mbili, na kufika kiwanjani. Lori halina la kufanya hapo. Hata mkokoteni hukwama.

Ndiyo maana mgeni wa Lamu hufundishwa na miguu yake kabla ya kufundishwa na mtembezaji. Unatembea Usita wa Mui, njia kuu ya mji, macho yako yamenaswa na mlango wa nakshi au na sinia la kaimati, mara unasikia nyuma yako: simile! Unajibana ukutani, au unapanda kwenye baraza la daka la mtu, ukishika adabu zako, na punda watano wanapita na mchanga, mmoja nyuma ya mwingine, bila kukutazama. Nyuma yao kuna mvulana mwenye kijiti ambacho hakitumii sana. Punda wa Lamu wanazijua njia. Wengi hupelekwa mara chache tu, kisha huenda wenyewe, wakashushwa mzigo na kurudi wenyewe gatini.

Katika mji huu, basi, neno punda linamaanisha vitu vingi, na karibu vyote ni vya heshima. Ni mtaji: kijana akipata punda wa kwanza ameanza kazi, na wa pili akija watu huanza kumuuliza atatoa posa lini. Ni kipimo, kwa sababu mchanga na kokoto huulizwa bei kwa punda, si kwa tani. Ni tiketi ya mgonjwa wa kijiji cha Shela aliyechelewa boti. Na wakati wa maulidi ni farasi wa mbio.

Maulidi ya Lamu yana historia inayojulikana vizuri. Habib Swaleh, mwanachuoni mwenye asili ya Ngazija, ndiye aliyeasisi Msikiti wa Riyadha na kuupa mji sherehe za mazazi ya Mtume zinazovuta watu kutoka pwani nzima, Visiwani, Ngazija na hata Uarabuni. Mwezi wa Mfungo Sita ukifika, mji hujaa dufu, kasida, kanzu na kofia mpya. Katikati ya ibada hizo kuna michezo: kuogelea, mbio za mashua, bao, na mbio za punda. Hizi za punda usizikose. Vijana hupanda bila matandiko, miguu inaburura karibu na ardhi, na mbio hupigwa ukingoni mwa bahari huku mji mzima umesimama pande mbili. Farasi hukimbia kwa sababu amefundishwa, lakini punda hukimbia akipenda. Yuko anayeongoza hadi karibu na mwisho kisha akageuka kuingia kwenye kichochoro cha nyumbani kwao, na mpandaji wake, aliyeuota ushindi mwaka mzima, akaenda naye. Kicheko kinachofuata hukisikii kwenye uwanja wowote wa mpira. Anayeshinda, kwa upande mwingine, hutembea mji huu kwa mwaka kama mbunge.

Heshima, hata hivyo, haimlishi mnyama. Jioni mizigo ikiisha wengi huachiwa wajitafutie, nao hujitafutia jaani. Kwa miaka mingi walimeza mifuko ya plastiki pamoja na maganda ya ndizi, na mfuko ukijikunja tumboni punda hufa kifo kibaya. Marufuku ya mifuko hiyo iliyoanza Kenya Agosti 2017 ilisifiwa kwa ajili ya mito na barabara, lakini mimi naamini hakuna aliyefaidi kama punda wa Lamu. Vidonda vya mgongo navyo ni vya kawaida, hasa kwa punda anayebebeshwa juu ya gunia tupu badala ya tandiko zuri.

Kwa hiyo mji una hospitali yao. Iko pale pale mbele ya bahari, ilianzishwa 1987 na shirika la hisani la Uingereza lililoasisiwa na Elisabeth Svendsen, na matibabu ni bure. Utawaona wazee na watoto wamepanga foleni na wanyama wao kama kina mama kliniki. Humo hutolewa dawa za minyoo, husafishwa vidonda na kupunguzwa kwato, na kuna mashindano ya kumtafuta punda aliyetunzwa vizuri kuliko wote. Shindano hilo limefanya kazi ambayo mahubiri yasingeweza, kwa sababu hakuna Mwamu, mtu wa Lamu, anayependa kushindwa na jirani.

Kwingineko Kenya mambo yalikwenda vibaya. Kuanzia 2016 yalifunguliwa machinjio ya punda ili ngozi ziuzwe China, ambako huchemshwa kupata gundi ya dawa iitwayo ejiao. Wizi ulienea vijijini; mama aliyekuwa akichotewa maji na punda wake aliamka akakuta kamba tu. Februari 2020 serikali ikatangaza kuyafunga machinjio hayo, kesi zikafuata mahakamani, na Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika wakapitisha marufuku ya bara zima. Katika miaka ile neno punda lilipata maana mpya, ya ngozi yenye bei kuliko uhai, na nashukuru maana hiyo haikupata mizizi Lamu.

Kaa kwenye baraza la Mkunguni, mbele ya ngome iliyokamilika 1821, na utasikia ukoo mzima wa punda ukitajwa bila mtu kukusudia. Wazee wa bahari wakizungumzia vyombo vya zamani watataja baghala, yale majahazi makubwa yaliyokuja na kaskazi kutoka Omani na Ghuba. Baghala kwa Kiarabu ni nyumbu, mtoto wa punda na farasi, na chombo kilichobeba tende, chumvi na mazulia kilistahili jina hilo. Nyumbu mwenyewe ukimtaja kwa mtu wa Serengeti atakuonyesha kundi linalovuka mto Mara, lakini ukimtaja kwa msomaji wa Biblia atakutajia kipando cha wafalme wa Israeli. Punda milia naye unaweza kudhani ameitwa hivyo kwa kulia kwake, kumbe ni ile milia ya mwilini. Jina lake lilisafiri mbali: kaskazini mwa mbuga ya Kruger, Afrika Kusini, kuna mahali paitwapo Punda Maria, na husimuliwa kwamba mhifadhi mmoja aliyewahi kukaa Afrika Mashariki alichanganya jina la mnyama na la mkewe.

Na usishangae ukiingia jikoni ukaambiwa usogeze mbuzi. Hutakuta ndevu wala pembe, bali kibao chenye ulimi wa chuma wa kukunia nazi, ambacho bila hicho hakuna wali wa nazi wala mbaazi za asubuhi. Kwa Kiswahili mfugo ukifanya kazi vizuri hupewa chombo cha kurithi jina lake.

Lamu inabadilika. Gati la kwanza la bandari mpya, huko Kililana upande wa bara, lilifunguliwa Mei 2021, na bodaboda zimeshavuka maji na kuingia kisiwani. Zina kasi, na sitamlaumu mama mjamzito wa kijiji cha Matondoni anayeipendelea pikipiki. Lakini ndani ya mji mkongwe, kati ya kuta zile, pikipiki ni kelele na hatari kwa watoto, na wenye mamlaka wakizizuia zisipite humo watakuwa wametenda haki. Mji uliojengwa kwa kipimo cha punda aliyebeba shogi mbili hauwezi kupanuliwa bila kubomolewa.

Ukitaka kwenda, uliza kwanza tarehe za maulidi, kwa sababu hufuata mwezi na vyumba hujaa mapema. Vaa viatu vya kutembelea na nguo za heshima. Tembea hadi Shela kwa miguu, bahari ikiwa mkono wa kushoto, ukayaone machuguu ya mchanga yanayohifadhi maji matamu ya kisiwa. Ukikodi punda kubeba mizigo yako, muombe mwenye punda ainue tandiko kwanza, na ukiona kidonda chagua mwingine na umwambie kwa upole kwamba hospitali ni bure. Usipige kelele nyuma ya mnyama, na ukisikia simile, pisha.