Nyumba ndogo yangu ilikuwa Olmotonyi

Naomba nianze kwa kukiri. Kwa karibu miaka 2, kila Jumamosi saa 11 alfajiri nilikuwa natoka kitandani kwa kunyata kama mwizi, viatu mkononi, namwacha mke wangu na mtoto wamelala. Narudi saa 4 au saa 5 asubuhi nikiwa na tope mpaka magotini na uso wa mtu aliyetoka kustarehe. Wewe msomaji ungekuwa mke wangu ungefikiria nini? Basi na yeye alifikiria hivyo hivyo. Wenzake kazini walishahukumu kesi siku nyingi: jamaa ana nyumba ndogo Ngaramtoni.

Kuhusu mahali walikaribia kupatia. Ukitoka mjini Arusha kwa barabara ya Namanga, ukapita Sakina, ukafika Ngaramtoni, mbele yake kidogo ni Olmotonyi, kwenye Chuo cha Misitu. Hapo juu, kwenye mteremko wa Mlima Meru, kuna misitu ya kupandwa. Sehemu ni shamba la miti la serikali, sehemu ni msitu wa mafunzo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Kuna saiprasi, kuna mikaratusi, na kuna misonobari, ile ambayo mafundi wetu wanaiita paina. Msonobari uliojaa kule asili yake ni Mexico, una majani membamba marefu yanayoning'inia kama nywele zilizotoka saluni sasa hivi. Huyo ndiye aliyekuwa ananiamsha alfajiri. Usicheke.

Mimi ni mhasibu. Jumatatu mpaka Ijumaa naangalia tarakimu, na mbele utaona kwa nini kazi hiyo inanitia aibu kwenye stori hii. Kamera yangu ya kwanza niliinunua kwa ajili ya kumpiga picha mtoto wetu K. alipozaliwa. Mtoto akawa analala muda wote, nikaanza kupiga mlima kupitia dirisha la jikoni. Ndiyo ikawa nimenaswa.

Watu wa Arusha tunaishi na Meru kama watu wanavyoishi na babu yao. Yupo tu pale, mita zake 4,562, hatumtazami mpaka aje mgeni amsifie. Na wageni wenyewe wengi wanamruka, akili yote iko Kilimanjaro. Lakini ukianza kuusubiri huu mlima na kamera, unagundua una tabia zake. Ukitaka uso wake unaowaka asubuhi, nenda upande wa Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Upande wa mashariki mlima uliporomoka maelfu ya miaka iliyopita, ukabaki kama bakuli lililovunjika ukingo mmoja, kwa hiyo jua la asubuhi linaingia moja kwa moja mpaka kwenye kile kilima cha majivu kilichoko ndani. Olmotonyi iko upande wa pili. Kule jua linachomoza nyuma ya mlima, na saa 12 na nusu unachokiona ni kivuli kikubwa cheusi. Wamaasai wanauita Oldoinyo Orok, mlima mweusi. Nadhani aliyeupa jina aliamka mapema.

Ila subiri. Jua likishavuka bega la mlima, na kama usiku kulikuwa na ukungu, miale inashuka katikati ya mashina kama vile mtu amefungua mlango wa kanisa. Miti ile imepandwa kwa mistari, ukikaa pembe moja ni fujo, ukisogea hatua 2 kila kitu kinajipanga mpaka huko mwisho. Inadumu dakika 10, ukibahatika 15. Halafu wingu linakuja, mlima unajifunika, na wewe unabaki umesimama peke yako kwenye zulia la majani makavu, husikii hata hatua zako.

Kwa wanaotaka kujaribu, mwaka mzima wa kwanza picha zangu zilikuwa za ovyo kwa sababu moja: ukungu unaidanganya kamera. Ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, picha inatoka ya kijivu kama moshi wa kuni mbichi. Dawa ni kuongeza mwanga hatua moja, ukungu ukiwa mzito hatua moja na nusu. Zima fleshi, maana inamulika matone ya ukungu na kukurudishia madoa meupe. Tembea na kitambaa kikavu cha kufutia kioo. Na omba ruhusa ofisi ya msitu kabla, ile ni mali ya serikali, huingii tu kama unaingia sokoni.

Tatizo lilikuwa lenzi. Lenzi fupi inausukuma msitu mbali, miti inaonekana kama njiti za kiberiti. Lenzi ndefu inaivuta mistari ya nyuma ije karibu na ya mbele, msitu unakuwa mzito kama pazia. Nilikuwa naiota, sidanganyi. Sasa mpiga picha mmoja wa harusi akawa anauza yake, milimita 70 hadi 200, imetumika lakini safi. Milioni 2 na laki 4. "Bro, kwa mwingine hii ni milioni 3."

Mimi na Mama K. tulikuwa na akaunti ya pamoja kwa ajili ya kiwanja Moshono. Bei milioni 6, tulikuwa tumefikisha milioni 5 na laki 1, yaani tulikuwa tunanusa. Hela ile nusu yake ni ya zamu za usiku za mke wangu. Yeye ni nesi. Nilijiambia nitairudisha kabla mwenye kiwanja hajapiga simu. Mwenye kiwanja alipiga simu baada ya siku 9.

Mama K. alikwenda benki mwenyewe. Jioni nilikuta karatasi ya benki mezani, karibu na bakuli la mboga, mstari mmoja umezungushiwa kalamu.

"Baba K., hii ilikwenda wapi?"

Nilileta lenzi kutoka kabatini. Nilikuwa nimeificha ndani ya mfuko wa sweta za baridi. Aliishika, akaigeuza, akaiweka chini taratibu.

"Ya kupigia nini?"

"Miti."

Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Bora ingekuwa mwanamke. Ningejua namfuata nani."

Ndugu zangu, kuna ugomvi wa kelele na kuna ugomvi wa adabu. Wa kelele unaisha. Wetu ulikuwa wa adabu: umeamkaje, salama, chakula kipo mezani, asante. Wiki 3. Kiwanja kikaenda kwa mtu mwingine, na siku tuliyopata habari hizo hakusema neno, alikunja nguo za mtoto akazikunjua akazikunja tena. Niliwahi kusoma kwenye majarida kwamba wanaume tunahitaji hobi ili tupumzishe akili. Sawa. Hakuna aliyeandika upumzike kwa hela ya nani.

Ijumaa moja mwezi wa 6 usiku, tukiwa tumezima taa, akaniambia, "Kesho unaniamsha."

Tulimwacha K. kwa shemeji yangu, tukaondoka na kigari chetu, heta inafanya kazi upande mmoja. Baridi ya Juni ya Arusha waijuao wanaijua. Njiani sikuongea, nilikuwa nafanya mazoezi moyoni. Nilitaka aione ile dakika 10. Niliamini akiiona tu atanielewa, atasamehe mpaka ile milioni 2 na laki 4. Leo nikikumbuka naona jinsi nilivyokuwa mjinga, maana nilikuwa nataka msitu uniombee msamaha.

Tukaacha gari, tukapanda kwa miguu kwa tochi. Tukafika pale pangu na kukaanza kupambazuka, nikatafuta mistari yangu, nikaona anga.

Walikuwa wamevuna. Eneo lote. Visiki, matawi yamelundikwa, harufu ya ulimbo inakukaba koo. Nilisimama na tripodi begani kama mtu aliyekosa basi. Sikuwa na haki ya kushangaa. Miti ile ilipandwa ivunwe: inapandwa, inapogolewa, inapunguzwa, na baada ya miaka 20 na kitu inaangushwa. Nilikuwa nalijua hilo kama ninavyojua kwamba mkopo una riba.

Eneo la pembeni lilikuwa limeshapandwa upya, miche ya paina imefika magotini, na katikati yake mahindi na maharage. Ndivyo wanavyofanya. Mkulima anapewa kipande alime huku akiitunza miche, mpaka miche ifunge kivuli, halafu anatoka. Yeyo mmoja alikuwa ameshafika anang'oa maharage. Tukamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Nyie ndio wapimaji?" Aliona tripodi.

"Hapana yeyo. Mimi napiga picha."

"Za nini?"

"Za miti."

Akaangalia visiki, akaniangalia mimi. "Ipi?"

Mama K. akacheka. Alicheka mpaka akashika kiuno, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia kwa wiki 3, na mimi nikakosa pa kuweka uso. Yeyo naye akacheka bila kujua anacheka nini. Mke wangu akamuuliza miti imekwenda wapi.

"Mbao. Si ndio kenchi za nyumba zenu huko mjini."

"Kwa hiyo," akasema Mama K. akinigeukia, "hela ya kiwanja changu imepiga picha ya paa la mtu mwingine."

Lenzi ile niliitumia pale Jumamosi moja tu, kabla ya ile simu. Sikumwambia.

Wale wawili waliongea kama nusu saa. Mke wangu aliweka begi chini akawa anasaidia kung'oa maharage huku anahoji: unavuna magunia mangapi, unauzia wapi, miche ikikua unakwenda wapi. "Napewa kwingine, nikibahatika." Nilimuomba yeyo nimpige picha, akakataa, akasema hajajipanga. Jua likavuka bega la mlima, likamulika visiki vyote sawasawa, bila miale, bila chochote. Sikupiga.

Tuliporudi kwenye gari Mama K. akaomba kamera. Akawa anabonyeza kale kamshale anarudisha picha nyuma. Miti. Ukungu. Miti. Mlima. Mlima na wingu. Miti. Alibonyeza muda mrefu sana, mimi nimeshika usukani na gari haijawashwa.

"Mimi niko wapi?"

Picha yake ya mwisho ilikuwa ya ubatizo wa K., mwaka na miezi 8 nyuma, na hapo nimemkata nusu ya kichwa kwa sababu nilikuwa nalenga keki. Alipofika hapo hakuendelea. Alifungua mlango akashuka, akaniambia na mimi nishuke, nipande juu ya kisiki. Akanipiga moja tu, akanirudishia kamera.

Ningependa niwaambie kwamba siku hiyo mambo yaliisha. Hayakuisha. Lenzi niliiuza milioni 1 na laki 9, maana ukitaka kuuza haraka wanunuzi wananusa shida yako. Laki 5 iliyopungua nailipa mimi kutoka mfukoni kwangu, 50,000 kila mwisho wa mwezi, na Mama K. anaiandika kwenye daftari la kaunta, tarehe na sahihi. Imebaki miezi 3. Mwezi uliopita nilichelewa siku 4, akaandika kwa kalamu nyekundu. Kiwanja tunatafuta upande wa Kisongo, ni mbali na kuna vumbi, ila tunakwenda kuviangalia wote wawili na karatasi za benki tunasoma wote wawili. Jumamosi bado naenda, mara moja kwa mwezi, na naaga. Mara nyingine anakuja. Momella alipapenda zaidi, anasema kule angalau kuna twiga.

Ile picha ya kisiki ameisafisha na kuitundika sebuleni, juu ya televisheni. Mimi nimesimama kama mtuhumiwa, visiki vimenizunguka, na nyuma yangu Meru imekatwa kilele chote. Nilimwambia kwa upole kwamba angeinua kamera kidogo tu mlima ungeingia wote.

"Na mimi kwenye ubatizo?" akasema.