Jirani Siku ya Dhiki
Baada ya Vita vya Kagera vya 1978–1979, uhaba ulipanda hata kwetu Amani, milimani Usambara Mashariki. Sukari, sabuni na mafuta ya taa viliadimika. Mche wa sabuni tuliukata kwa uzi, tukagawana nyumba tatu. Moto tuliazimana kwa kijinga ili kuokoa njiti za kiberiti. Lakini dhiki hiyo hiyo iliwafunza wengine kuficha na kulangua, hata mwaka 1983 Serikali ikawasaka wahujumu uchumi. Sheria iliweza kufichua gunia la sukari. Haikuweza kumfanya mtu amjali jirani. Hiyo ni kazi ya malezi. Basi utamaduni haupimwi kwa ngoma peke yake, bali kwa mlango unaofunguliwa jirani abishapo hodi na bakuli tupu.