Mali Bila Daftari: Somo la Mchezo wa Nyota wa 1947

Huenda msomaji akashangaa kwamba mtu aliyekulia mahali ambapo barafu huonekana ndani ya jokofu tu ameamua kuandika juu ya mpira wa magongo unaochezwa barafuni. Sijawahi kuushuhudia mchezo huo uwanjani, wala sidai kuzijua vyema kanuni zake. Naufahamu mchezo mmoja tu, uliochezwa Toronto, Kanada, tarehe 13 Oktoba 1947, nami naufahamu kwa sababu ya fedha zake. Kila ninapofundisha mada ya hifadhi ya jamii naurejea, kwa kuwa unaonyesha waziwazi tofauti iliyopo baina ya hisani na haki.

Chanzo chake ni ajali. Tarehe 12 Desemba 1933, mjini Boston, Eddie Shore, beki wa Boston Bruins, alimgonga kwa nyuma Ace Bailey wa Toronto Maple Leafs. Bailey alianguka, kichwa chake kikajipiga barafuni, fuvu likapasuka. Madaktari walimfanyia upasuaji, akanusurika, lakini hakucheza tena. Tarehe 14 Februari 1934 ligi ya NHL iliandaa mchezo wa kumchangia, Maple Leafs wakipambana na wachezaji bora wa klabu nyingine. Shore alikuwa miongoni mwa nyota hao, na kabla ya mchezo kuanza yeye na Bailey walipeana mikono mbele ya umati. Maple Leafs walishinda 7 kwa 3, na zikapatikana zaidi ya dola 20,000 kwa ajili ya Bailey na familia yake.

Ni kisa kinachogusa moyo, na sina haja ya kukibeza. Lakini wanafunzi wangu huwa naawauliza: je, kama aliyeumia angekuwa mchezaji wa akiba asiyejulikana na mtu? Kama angeumia mazoezini, pasipo mtazamaji? Hisani huamuliwa na mtoaji, na mtoaji huguswa na lile aliloliona. Mfanyakazi ambaye maumivu yake hayakuonekana hana wa kumwandalia mchezo.

Kwa hiyo, ligi ilipoanzisha mfuko wa pensheni kwa wachezaji mwaka 1947, hatua hiyo ilikuwa kubwa. Oktoba ya mwaka huo, katika uwanja uleule wa Maple Leaf Gardens, Maple Leafs walioshikilia Kombe la Stanley walipambana tena na timu ya nyota wa klabu nyingine, wakafungwa 4 kwa 3. Safari hii mapato hayakuwa ya mtu mmoja. Sehemu yake kubwa ilikwenda katika mfuko huo mpya, na mchezo ukafanywa kuwa wa kila mwaka. Bill Mosienko wa Chicago alivunjika kifundo cha mguu siku hiyo. Alivunjika akiutunishia mfuko ambao ulipaswa kumtunza yeye na wenzake uzeeni.

Kila mchezaji alikatwa dola 900 kwa mwaka, kiasi kisicho kidogo kwa mishahara ya zama zile. Mchango wa upande wa wamiliki ulitegemea kwa sehemu kubwa mapato ya mchezo huo wa nyota. Tafakari hesabu hiyo, msomaji: mfanyakazi anakatwa mshahara wake, kisha anaingia uwanjani, na jasho lake linaandikwa kuwa mchango wa mwajiri.

Miongoni mwa nyota wa 1947 alikuwamo kijana wa Detroit, Ted Lindsay. Baadaye aliwawakilisha wachezaji katika bodi ya mfuko, akaomba jambo jepesi: aonyeshwe vitabu vya hesabu. Hakuonyeshwa. Februari 1957, akishirikiana na Doug Harvey wa Montreal Canadiens, alitangaza kuundwa kwa chama cha wachezaji. Huo ndio msimu aliopata alama 85, nyingi kuliko msimu wowote wa maisha yake ya mchezo. Pamoja na hayo, Julai mwaka huohuo alihamishiwa Chicago, klabu iliyokuwa imeshika mkia. Wachezaji wa Detroit wakajiondoa katika chama, na mwanzoni mwa 1958 chama kikazimika. Kilichobaki ni mafanikio machache, ikiwemo kima cha chini cha mshahara cha dola 7,000. Daftari likaendelea kufungwa.

Lilikuja kufunguliwa mahakamani. Mwaka 1991 wachezaji wastaafu saba, Carl Brewer na Gordie Howe miongoni mwao, walifungua kesi Ontario. Howe alikuwa amecheza misimu 26 ya ligi na michezo 23 ya nyota, lakini pensheni yake haikufika dola 15,000 kwa mwaka. Mahakama iliamua mwaka 1992 kwamba ziada iliyozalishwa na mfuko ilikuwa mali ya wachezaji, na kwamba haikuwa halali kuitumia kuzipunguzia klabu mzigo wa michango. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya Kanada ilikataa kusikiliza rufaa, na ligi ikalazimika kurejesha makumi ya mamilioni ya dola.

Wahenga walikwisha kutuonya: mali bila daftari hupotea bila habari. Katika nchi yetu neno kikokotoo limetoka katika ofisi za wahasibu likaingia kwenye vijiwe vya kahawa, nami nafurahi kwamba limefika huko. Hati yangu ya mshahara ina mstari wa makato ya pensheni kila mwezi, na niliwahi kuandika barua mahali fulani kuomba maelezo ya michango yangu. Nilijibiwa kwa upole kwamba nisiwe na wasiwasi. Jibu hilo ni la mtoa hisani. Mwenye haki hapewi faraja, hupewa hesabu.

Wapo wasemao kwamba mtumishi wa kawaida hana utaalamu wa kusoma hesabu za mfuko, hivyo awaachie wataalamu. Lindsay naye hakuwa mhasibu. Alijua kuteleza barafuni na kufunga mabao, na hilo halikumzuia kutambua kwamba anayekatwa fedha yake anastahili kujua inakokwenda. Mtaalamu ataajiriwa kuisoma hesabu, lakini swali lazima liulizwe na mwenye mali, tena liulizwe na wengi kwa pamoja, kwa maana anayeuliza peke yake huhamishwa, hata akiwa katika msimu wake bora.

Na liulizwe mapema. Kutoka siku Lindsay alipotangaza chama hadi hukumu ya mahakama ilipita miaka 35. Doug Harvey, aliyesimama naye tangu mwanzo, alifariki Desemba 1989, kesi ikiwa bado haijafunguliwa.