Pumzi Ambazo Sikuzihesabu

Mimi ni tabibu. Niliwahi kuandika kwenye faili la mtoto wa miezi minane kwamba anapumua kawaida, ilhali pumzi zake sikuzihesabu. Nalisema mapema ili yanayofuata yasionekane utetezi.

Zahanati ilikuwa Kariakoo, jirani na Mtaa wa Kongo. Foleni ilishafika mlangoni. Mama wa mtoto alikuwa muuza maandazi, hana bima. Akaniambia, "Dokta, mwanangu siku zote hapumui hivi. Na ziwa halishiki." Kipimo cha malaria kilikuwa kimetoa mstari mmoja, yaani hana. Nikamwandikia panadoli ya maji. Aliporudia maneno yaleyale nikamkatiza: "Mama, dokta ni mimi au wewe?" Akasema samahani, akatoka.

Siwezi kusema sikujua. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uko wazi: mtoto wa umri ule akifikisha pumzi 50 kwa dakika, anapumua haraka. Unahesabu dakika nzima, mtoto ametulia, kifua kiko wazi. Nilijua pia kwamba si kila homa ni malaria. Utafiti wa watoto 1,005 wenye homa, Dar es Salaam na Ifakara, uliochapishwa mwaka 2014, uliikuta malaria kwa takriban mtoto mmoja kati ya kumi, na maambukizi ya njia ya hewa kwa zaidi ya nusu. Ule mstari mmoja ulipaswa kuniamsha nitafute. Mimi nikaridhika nao.

Foleni nayo nisiisingizie. Kabla ya yule mama aliingia mke wa mfanyabiashara wa vitenge. Mwanawe alikuwa na mafua tu, lakini nilimvua shati, nikamsikiliza kifua na mgongo, nikajibu kila swali. Dakika zilikuwepo, nilizigawa kwa kutazama mtu amevaaje.

Jioni yule mama akarudi. Mwenzangu wa zamu akafungua faili, akasoma "kupumua kawaida", akamwambia asubiri. Mwandiko wangu ukaaminiwa kuliko yeye aliyempakata mtoto kutwa nzima. Muuguzi ndiye aliyefunua nguo akaona kifua kinabonyea chini ya mbavu. Wakamkimbiza Muhimbili, akawekewa oksijeni. Ilikuwa nimonia. Mtoto alipona, bila mchango wangu.

Nilipoufungua tena mwongozo, aibu ikaongezeka. Dalili za hatari zinaanza kwa kumuuliza mzazi: Anaweza kunywa au kunyonya? Anatapika kila kitu? Amepata degedege? Yule mama alinijibu swali la kwanza kabla sijauliza, nami nikaona ananipotezea muda.

Alipomleta kwa chanjo ya surua nilimwona, nikajifanya nina haraka. Radhi sijamwomba mpaka leo. Kukiri mbele ya wasomaji ni rahisi zaidi, na najua hakulipi deni hilo.

Siku hizi nauliza, "Leo ana tofauti gani na jana?" Jibu naliandika kwa maneno ya mzazi mwenyewe, ili atakayepokea zamu ayakute. Na kama pumzi sijazihesabu, nafasi yake naiacha wazi. Mwenzangu akikuta pengo atahesabu. Alipokuta uongo wangu, hakuona sababu ya kuhesabu.